Chuo Hakina Kengele: Mwongozo Kamili wa Usingizi, Msongo wa Mawazo na Kusoma kwa Mwanafunzi wa Mwaka wa Kwanza

Nilipofungua karatasi ya test yangu ya kwanza chuoni, swali la pili nililitambua papo hapo. Nilikuwa nimelisoma saa tisa ya usiku uliotangulia, kwenye kimbweta, yaani meza ya nje ya kusomea, chini ya taa iliyozongwa na wadudu. Ukurasa wenyewe niliuona kichwani: desa (nukuu za kurithishana) la watu wa mwaka wa pili, kona ya juu ina doa la chai, kichwa cha habari kimepigiwa mstari kwa peni nyekundu. Kila kitu nilikiona isipokuwa maneno. Nilikaa dakika kumi nzima nikilitazama lile doa la chai. Nilikuwa nimekesha siku tatu mfululizo, na nilipata 9 kati ya 30.

Sikufeli kwa uvivu. Nilifeli kwa sababu niliamini, kama wengi wa darasa letu, kwamba kila saa unayolala umeiibia kitabu. Aliyetoka venyu, ukumbi wa kusomea, saa kumi alfajiri alisifiwa. Aliyelala saa nne tulimwona hana uchungu na jasho la wazazi wake. Tangu hapo nimewaona wadogo zangu wawili wakiingia mwaka wa kwanza kwa mlango uleule, na kila muhula mpya unapofunguliwa roho yangu huwa juu. Ndiyo maana nakuandikia, mdogo wangu, hatua kwa hatua, kwa mazingira yetu haya: chumba cha hosteli chenye watu wengi kuliko vitanda, joto la Dar es Salaam, bumu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, linalosubiriwa kama mvua, na mitihani ya muhula mzima inayorundikwa kwenye wiki mbili.

Kabla ya hatua ya kwanza, angalia umetoka wapi. Kama ulisoma bweni, kwa miaka minne au sita uliamshwa na kengele, ukaingizwa prepo na kengele, na taa ikazimwa ukitaka usitake. Kama ulipitia JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), filimbi ilifanya kazi hiyo kwa ukali zaidi. Hata aliyesoma kutwa alikuwa na mama wa kugonga mlango. Chuoni hakuna anayejua umelala saa ngapi. Jumatatu una kipindi saa moja asubuhi, Jumanne huna kitu hadi saa nane mchana, Jumatano semina inaisha saa mbili usiku. Hakuna aliyekufundisha kujipigia kengele mwenyewe, na ghafla ndiyo kazi ya kwanza unayotakiwa kuiweza.

Kichwa kinafanya nini ukilala

Unachokisoma mchana hupokelewa kwanza na sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi. Hapo kinashikiliwa kwa muda tu. Ukilala, hasa usingizi mzito wa saa za mwanzo wa usiku, ubongo huzipitia upya njia zilezile zilizotumika wakati unajifunza, na kidogokidogo maarifa yale yanajengeka kwenye gamba la ubongo, yanakodumu. Usingizi huenda kwa mizunguko ya kama dakika 90. Mizunguko ya mwanzo ina usingizi mzito zaidi. Ya kuelekea asubuhi ina usingizi wa ndoto zaidi. Kwa hiyo anayelala saa tisa usiku na kuamka saa kumi na mbili hajapunguza tu idadi ya saa: mizunguko ya mwisho hajaifikia kabisa.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1924, Jenkins na Dallenbach wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliwapa wanafunzi wawili orodha za silabi zisizo na maana wazikariri, kisha wakawapima baada ya saa moja, mbili, nne na nane. Walipolala baada ya kukariri walikumbuka zaidi kuliko pale walipobaki macho kwa muda uleule. Wanafunzi wawili ni wachache, lakini tafiti nyingi za baadaye zimeelekea hukohuko.

Utafiti ulionigusa zaidi ni wa mwaka 2019, kutoka MIT, chuo kikuu cha Marekani. Wanafunzi 100 wa somo la utangulizi la kemia walivalishwa saa za mkononi zinazopima usingizi kwa muhula mzima, na 88 walifika mwisho. Karibu robo ya tofauti ya alama zao iliendana na usingizi wao: urefu wake, ubora wake, na kama ulikuwa wa saa zilezile kila siku. Sasa sikiliza hili: usingizi wa usiku mmoja tu kabla ya mtihani haukuonyesha uhusiano na alama. Ulioonyesha ni wa wiki nzima na wa mwezi mzima kabla yake. Mwaka 2023 utafiti mwingine wa Marekani, kwa zaidi ya wanafunzi 600 wa mwaka wa kwanza katika vyuo vitatu, ulikuta kwamba kila saa moja ya usingizi iliyopungua kwa wastani wa usiku mwanzoni mwa muhula iliendana na GPA (wastani wa alama za chuo) iliyoshuka kwa 0.07 mwisho wa muhula, na hali ilikuwa mbaya hasa kwa wanaolala chini ya saa sita. Tafiti za namna hii hazithibitishi kwamba usingizi peke yake ndio ulioleta alama. Ila kwa mtu anayepigania sehemu ndogo ya pointi ili avuke daraja, mimi nisingeipuuza 0.07.

Kipimo cha umri wako ni saa saba hadi tisa kwa usiku. Usiniambie wewe umezoea tano. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliwapa watu saa sita kitandani kila usiku kwa siku 14. Mwisho wake, vipimo vya umakini na kumbukumbu vilikuwa vimeshuka hadi kufanana na vya mtu aliyekesha, huku wenyewe wakijiona wana uchovu kidogo tu. Aliyezoea kulala kidogo amezoea kutojiona.

Hatua ya 1: Andika usingizi wako kwa siku saba

Usibadilishe kitu bado. Chukua ukurasa wa nyuma wa daftari, chora mistari ya siku saba, na kila asubuhi andika: saa uliyozima taa, saa uliyoamka, mara ulizoshtuka usiku, usingizi wa mchana au wa kipindini, na saa ya kikombe cha mwisho cha chai, kahawa au kinywaji cha kuongeza nguvu. Dakika mbili zinatosha.

Mwenzangu mmoja wa chumba alikuwa akiapa kwamba halali kabisa. Alipoandika wiki moja, alikuta analala karibu saa saba kwa siku, ila kwa vipande vitatu: saa nne usiku hadi saa sita, halafu anasoma kimbwetani hadi saa kumi, kisha muda wa saa tatu kitandani akikosa kipindi cha asubuhi, na saa nyingine mbili alasiri kwenye joto, huku amevaa jinzi. Tatizo lake halikuwa kukosa muda wa kulala. Alikuwa anaukata usingizi kama mkate. Wewe tatizo lako linaweza kuwa jingine kabisa, na ndiyo maana unaandika kwanza.

Hatua ya 2: Pigilia msumari saa ya kuamka

Watu wengi huanza na saa ya kulala na hushindwa siku ya pili, kwa sababu usingizi haulazimishwi. Kuamka kunalazimishwa. Tazama ratiba yako, tafuta siku yenye kipindi cha mapema kuliko zote, na saa ya kuamka ya siku hiyo ndiyo iwe ya siku zote saba, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Ukizidisha wikiendi, isizidi saa moja.

Kisha hesabu kurudi nyuma saa saba na nusu. Anayeamka saa kumi na mbili asubuhi awe kitandani saa nne na nusu usiku. Mwislamu anayeamka kwa swala ya alfajiri tayari ana msumari wake. Yeye saa tatu na nusu au saa nne awe amelala, na akiongeza usingizi mfupi wa adhuhuri hesabu inakamilika. Katika Ramadhani gawa makusudi: lala mara baada ya tarawehe bila kukaa barazani, amka daku, na ulipe deni mchana kabla ya alasiri.

Ukiamka, toka nje. Kaa kwenye mwanga wa jua dakika kumi na tano au ishirini, hata ukiwa unafua au unapiga mswaki. Mwanga wa asubuhi ndio unaoipanga saa ya mwili, na saa hiyo ndiyo itakayoita usingizi usiku. Huku kwetu jua linachomoza karibu saa zilezile mwaka mzima. Wenzetu wa Ulaya wakati wa baridi hununua taa maalumu kwa ajili ya kitu ambacho sisi tunacho bure mlangoni.

Siku tatu za kwanza zitakuuma. Usiku wa kwanza usingizi unaweza kuchelewa kama zamani, na ukiamka saa ileile utasinzia mchana. Vumilia. Ikifika siku ya nne au ya tano, usingizi wenyewe utakuja mapema.

Hatua ya 3: Chumba cha watu wengi

Hapa ndipo miongozo ya nje inapotuacha. Wanakwambia chumba kiwe na giza, ubaridi na ukimya. Wewe uko kitanda cha juu cha dabo deka, feni moja inazunguka kwa huruma, mtu wa tatu anapika noodles kwa jagi la umeme, na simu ya mtu wa nne inapenya neti yako kwa mwanga wa buluu. Huwezi kukimiliki chumba. Unaweza kukiombea makubaliano.

Fanyeni kikao wiki ya kwanza, kabla mtu hajamkera mtu. Mtu akishakasirika, kila ombi linageuka ugomvi. Mambo manne yanatosha: saa ya kuzima taa kubwa, ambapo anayeendelea kusoma anatumia taa ndogo ya mezani au anakwenda venyu, simu kwa spika za masikioni baada ya saa hiyo, anayerudi usiku anapapasa, hawashi, na wageni mwisho saa ngapi. Anza kwa kuomba, si kwa kuagiza. Mimi nilisema hivi, na ilifanya kazi: "Jamani, mimi nikiwashiwa taa silali tena, na kesho ninakuwa mkali bila sababu. Tukizima saa tano mtanisaidia sana. Na nyie mnataka nini kwangu?" Kumbe mmoja wao alikuwa anateswa na kengele ya simu yangu niliyokuwa naiacha ilie mara nne kila asubuhi. Nilikuwa sijui.

Kubebana, yaani kumlaza kitandani kwako asiye na chumba, ni utu, na nusu ya watu ninaowaheshimu walibebwa au walibeba. Mwenzako amekosa chumba, hana pa kwenda, utamfukuza? Lakini watu wawili kwenye kitanda cha futi mbili na nusu hawalali, wanapeana zamu ya kugeuka. Mkibebana, laleni mzungu wa nne, na mara mkipata fedha nunueni godoro jembamba la kulaza chini. Neti iwe ya kila mmoja. Aliye chini bila neti ataumwa na mbu usiku kucha, na malaria katikati ya muhula itakula wiki nzima ya masomo. Zungumzeni pia mwisho wa mpango huo mapema, kwa upendo: hadi bumu litoke, hadi mwezi fulani.

Joto nalo ni adui wa kweli, maana mwili hupunguza joto lake ili usingizi uingie. Oga usiku kabla ya kulala, hata kama ulioga jioni. Lalia shuka la pamba. Loweka kitambaa, kikamue, kiweke shingoni au miguuni. Kwa mwanga, funga kanga nene au kitambaa cheusi upande wa kitanda unaotazama taa. Kwa kelele, vizibo vya masikio vya sponji vinauzwa maduka ya dawa kwa bei ndogo. Wanaokaa geto wana uhuru wa kuzima taa, ila wana baa ya jirani. Kabla ya kulipa kodi ya miezi sita, nenda ukakisikilize chumba hicho Ijumaa saa nne usiku.

Hatua ya 4: Simu na bando la usiku

Wanafunzi wengi hawakeshi kwa sababu ya kitabu. Wanakesha kwa sababu bando la usiku ni rahisi, linaanza saa sita na kuisha alfajiri. Nalielewa hilo vizuri, kwani mwenye fedha kidogo hununua kinachouzwa rahisi. Lakini fanya hesabu kamili. Ukiokoa shilingi mia tano kwa usiku na ukapoteza kipindi cha saa moja asubuhi, umelipa kwa ada.

Kama lazima upakue mihadhara au vitabu, chagua usiku mmoja kwa wiki, Ijumaa kwa mfano, panga vyote kwenye orodha, viache vijipakue vyenyewe huku umelala. Siku nyingine tumia waifai ya maktaba mchana. Simu ichajiwe mbali na mto, kwenye soketi ya upande wa pili wa chumba, ili kengele ikilia ulazimike kushuka. Hilo peke yake liliniondolea nusu ya tatizo.

Na makundi ya WhatsApp ya darasa, yazimie sauti ikifika saa tatu usiku. Hakuna tangazo la kweli linalotolewa saa saba usiku. Kinachokuja saa hizo ni mtu mwenye wasiwasi akiuliza, "Hivi hili litatoka?", na wasiwasi wake unahamia kwako.

Hatua ya 5: Chai, kahawa, vinywaji vya nguvu, na kulala mchana

Unapokuwa macho, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya kichwani na kukuletea uzito wa usingizi. Kafeini haiiondoi. Inaziba tu milango ambayo adenosini hupitia, na ikiisha nguvu, deni lote linakuangukia pamoja. Mwili huchukua takriban saa tano kupunguza kafeini kwa nusu, na kwa wengine zaidi. Katika utafiti mmoja wa mwaka 2013, watu walipewa miligramu 400 saa sita kabla ya kulala, na bado walipoteza zaidi ya saa moja ya usingizi. Kwa hiyo kikombe cha mwisho kiwe kabla ya saa nane mchana. Chai ya rangi ya jioni unayoiona haina neno nayo ina kafeini. Kopo dogo la kinywaji cha nguvu la mililita 250 huwa na kama miligramu 80, na watu wanakunywa matatu kwa usiku.

Mirungi na vidonge vya kupewa na rafiki ili ukeshe, usiguse. Vivyo hivyo dawa za kutafutia usingizi. Piriton ni dawa ya mzio. Ukiimeza ili ulale utaamka na kichwa kizito ambacho hakishiki kitu hadi mchana.

Kulala mchana kunaruhusiwa na kunafaa, kwa masharti mawili: dakika 20 hadi 30, na kabla ya saa tisa alasiri. Ukizidisha, unazama kwenye usingizi mzito na kuamka ukiwa hujui ni leo au kesho.

Hatua ya 6: Mzigo unaokuweka macho

Msongo kidogo unasaidia. Ndio unaokuamsha siku ya test. Ukizidi na kudumu, homoni ya kotisoli inabaki juu wakati ingepaswa kushuka, usingizi unakatika, na kukumbuka ulichosoma kunakuwa kugumu hata kama umekisoma. Usingizi mbaya nao unaongeza msongo. Mduara huu hauvunjwi kwa kuambiwa "usiwaze". Unavunjwa kwa kuujua mzigo kwa jina.

Fedha kwanza, maana kwa wengi ndiyo mzizi. Bumu likiingia, siku hiyohiyo, kabla hujanunua simu, hesabu siku hadi linalofuata, ongeza siku kumi na nne kwa ajili ya kuchelewa, kisha ligawe kwa jumla hiyo. Kiasi cha chakula cha siku moja kiandike ukutani. Lipia chakula kwa mama ntilie wiki nzima kama anakubali, wengi wanakubali. Tumbo lenye uhakika wa wali maharage linalala tofauti na tumbo linalofanya mahesabu. Kama mkopo haujatoka au umepewa asilimia ndogo, nenda kwa afisa mikopo wa chuo mapema, na siku za kukata rufaa zikifunguliwa usiache hata moja ipite. Nyumbani waambie ukweli. Nimeona mtu akishinda njaa wiki mbili kwa kumwambia mama yake, "Niko salama, mama," na mama alikuwa na gunia la mahindi ambalo angeliuza.

Pili ni lugha na kujilinganisha. Ulikuwa wa kwanza shuleni kwenu. Hapa kila mtu alikuwa wa kwanza kwao. Mhadhiri anaongea Kiingereza haraka, wengine wanaandika, wewe uko aya mbili nyuma. Hilo halina maana kwamba huna akili. Soma kichwa cha mada na maneno yake magumu jioni kabla ya kipindi, dakika 20 tu, uingie ukiyajua. Jadilini kwa Kiswahili kimbwetani hadi kila mmoja aelewe, kisha kila mtu aandike jibu kwa Kiingereza peke yake. Kundi lisizidi watu watano; kumi na mbili huwa ni mkutano.

Tatu, dawa ndogo ya kila usiku. Dakika tano kabla ya kulala, andika kwenye karatasi mambo unayopaswa kuyafanya kesho na siku zinazofuata, kwa undani: "nenda ofisini kwa afisa mikopo saa tatu, beba kitambulisho na nakala ya barua." Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor waliwapima vijana 57: walioandika mambo ya mbele walipata usingizi kama dakika tisa mapema kuliko walioandika waliyokwisha kuyafanya, na kadiri orodha ilivyokuwa ya kina ndivyo walivyolala haraka. Anayeswali aswali, anayesali rozari asali. Utulivu huo nao unaushusha mwili.

Hatua ya 7: Soma kwa namna inayoacha nafasi ya kulala

Hutaweza kulala saa nne kama unasoma kwa kupitisha macho kwenye desa mara sita. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke walionyesha kwamba walioyasoma maandishi tena na tena walifanya vizuri zaidi wakipimwa baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja waliokuwa wamefunga kitabu na kujipima ndio waliokumbuka zaidi. Test yako haiji baada ya dakika tano.

Siku ya kipindi, jioni ileile, funga daftari na uandike kwenye karatasi tupu kila unachokumbuka. Kisha fungua, jaza mapengo kwa peni ya rangi nyingine. Lala. Siku mbili baadaye rudia mapengo tu. Baada ya wiki, fanya swali moja la mitihani iliyopita. Mada moja haizidi dakika 40, na ikifika wiki ya mitihani unakuta umebakiza marekebisho.

Mambo magumu, ya hesabu na ya kuelewa, yawekee saa ambazo kichwa ni chepesi. Kwa wengi ni asubuhi. Kazi za kunakili, kupanga karatasi na kupunguza madesa ziende usiku. Wako watu ambao kwa maumbile huchangamka usiku, na umri wa karibu miaka 20 ndio huo unaosogeza usingizi mbele kuliko umri wowote. Kama wewe ni mmoja wao na ratiba yako inaruhusu, lala saa sita na uamke saa moja na nusu. Ninachokataa ni kubadilisha kila siku.

Usingizi ukigoma

Ukikaa kitandani kama dakika 20 bila kulala, shuka. Usitazame saa. Kaa kwenye kiti, mwanga hafifu, soma kitu kisicho cha mtihani, rudi macho yakiwa mazito. Ukigaagaa saa mbili kila usiku, kitanda kinajifunza kuwa mahali pa kuwazia. Kwa sababu hiyohiyo, usisomee kitandani kama una mahali pengine popote.

Ikiwa hali hii inakurudia usiku tatu au zaidi kwa wiki, na wiki zinaenda, nenda zahanati ya chuo na kadi yako ya bima, ukiwa na ule ukurasa wa siku saba. Daktari akiuona atakuelewa haraka kuliko maneno. Nenda vilevile kama unakoroma na kukabwa pumzi usingizini, au kama unalala saa tisa na bado unaamka umevunjika.

Na kama hamu ya kila kitu imekwisha, unalia bila kujua kwa nini, umeacha kula, umeacha kwenda vipindini, hiyo inaweza kuwa sonona, nayo inatibika. Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi ina watu wa kuongea nawe, na hawaandiki kwenye matokeo yako. Ukianza kufikiria kufa, usisubiri asubuhi: muamshe mwenzako wa chumba, mwambie maneno yaleyale unayoyafikiria, mwende hospitali pamoja usiku huohuo. Na wewe ukiamshwa hivyo, usihubiri. Vaa viatu.

Usiku wa kuamkia UE (mtihani wa mwisho wa muhula)

Saa kumi na mbili jioni: pitia karatasi zako za mapengo tu, zile za peni ya rangi nyingine. Mada ambayo hujawahi kuifungua muhula mzima, iache. Ukiianza sasa itakuvurugia na zile unazozijua. Saa moja na nusu: kula chakula cha kawaida, si siku ya kujaribu kitu kipya. Saa mbili: swali moja la zamani, kwa muda uliopangwa, kwenye kiti. Saa tatu: simu inakwenda soketi ya mbali. Weka mezani kitambulisho, peni mbili, kikokotoo kama kinaruhusiwa, na chupa ya maji; angalia kwa mara nyingine jina la ukumbi na saa ya mtihani. Andika orodha yako ya dakika tano. Oga.

Ukisikia wenzako wanapita koridoni na madaftari kwenda kukesha, moyo utashtuka. Wangu ulishtuka hadi mwaka wa tatu. Inawezekana pia usilale vizuri usiku huo kwa wasiwasi. Usiogope, maana mwezi mzima uliolala ndio unaoingia nao ukumbini. Mwambie wa kitanda cha chini akuamshe usipoisikia kengele. Chomeka neti pande zote nne, zima taa.